Dakika Ishirini na Moja Hadi Kakuma

Meseji iliingia saa tano usiku. Nilikuwa nimelala nje kwenye mkeka, kama nusu ya Nawoitorong inavyolala joto likikataa kutoka kwenye mabati. Haikuwa na salamu wala nini: "We, kutoka hapo kwenu mpaka hapa kwetu ndege inachukua dakika ngapi?"

Hapo kwenu ni Lodwar. Nawoitorong ni upande wetu wa mji, pale ambapo akina mama wa kikundi walijenga gesti yao kwa vifaa vya hapa hapa, na ambapo watu wa mashirika wamelala miaka na mikaka wakingoja gari la kuelekea kaskazini. Hapa kwetu ni Kakuma, kambini, ambako deskimeti wangu wa sekondari amezaliwa na kukaa miaka yake yote 26.

Sikumuuliza kwa nini anataka kujua. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya wanaopelekwa ng'ambo, na mtu ambaye hajawahi kupanda ndege huanza kwa kuulizia safari iliyo karibu.

Nilisomea upimaji wa ardhi miaka miwili kabla karo haijanishinda, kwa hivyo hesabu ya umbali ni kati ya vitu vichache ambavyo chuo kilinipa na hakikuweza kuninyang'anya. Nikaketi, nikafungua simu upande wa kikokotoo. Lodwar iko digrii 3.12 kaskazini ya ikweta na 35.61 mashariki. Kakuma iko 3.71 kaskazini, 34.86 mashariki. Kwa umbali mdogo hivi huhitaji kusumbuka na mviringo wa dunia. Pythagoras wa kidato cha pili anatosha. Kilomita 105 na kidogo.

Marubani hawahesabu kilomita. Wanahesabu maili za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, ambayo ni urefu wa dakika moja ya latitudo, yaani digrii moja ikigawanywa mara 60. Kati ya Lodwar na Kakuma basi kuna kama dakika 57 za mgongo wa dunia. Siku niliyofundishwa hivyo chuoni nilicheka peke yangu kule nyuma, kwa sababu Ata, nyanya yangu, hajawahi kupima njia kwa kitu kingine isipokuwa muda. Ukimuuliza Kakuma ni mbali kiasi gani anakuambia ni kulala mara tatu. Na mbuzi je? "Inategemea mbuzi wamekuta nini njiani."

Haya, ndege. Matatu ya anga ya kaskazini ni Cessna Caravan, ile ya injini moja yenye mabawa juu ya madirisha. Ikishatulia hewani inakwenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya 105 kwa 300, zidisha kwa 60: dakika 21. Kwa kweli itazidi, maana safari fupi huliwa na kupanda na kushuka. Ukianza kuona vizuri, rubani ameshaanza kutafuta kiwanja. Lakini 21 ndiyo namba safi.

Halafu kuna upepo, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu napenda hii sehemu. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna mfereji wa nchi ya chini, na upepo kutoka kusini mashariki ukifika pale unabanwa kama maji kwenye mdomo wa paipu. Mwaka 1982 wanasayansi wawili, Kinuthia na Asnani, waliuandika kwenye jarida la hali ya hewa kama mkondo mpya wa upepo uliogunduliwa kaskazini mwa Kenya. Mpya kwao. Sisi tulikuwa tukifunga paa kwa mawe zamani. Siku hizi upepo huo huo unazungusha mitambo 365 ya umeme upande wa pili wa ziwa, karibu na Loiyangalani, megawati 310.

Kwa ndege yetu maana yake ni hii: Kakuma iko kaskazini magharibi ya Lodwar, kwa hivyo kwenda, upepo unakusukuma mgongoni. Uwe wa kilomita 40 kwa saa tu, unafika kwa dakika 18 na nusu. Kurudi unakupiga usoni, na zinakuwa 24.

Nikamwandikia: "Dakika 21. Upepo ukikubali, 18 na nusu."

"Na kurudi?"

"24."

"Kwani nani anarudi?" Na zile katuni za kucheka machozi, nne.

*

Sasa, kuna jambo ambalo sikumwandikia usiku ule. Sijawahi kukutana na mtu aliyenunua tikiti ya Lodwar kwenda Kakuma. Ndege za abiria za Lodwar zinatoka Nairobi na kurudi Nairobi. Za Kakuma zinabeba wafanyakazi wa mashirika, wagonjwa, na wakimbizi wanaohamishwa. Ukichora mstari ulionyooka kutoka Kakuma hadi Nairobi, kama kilomita 600, unapita karibu na milima ya Loima na kutuacha sisi Lodwar pembeni, upande wa kushoto. Viwanja viwili vya kaunti moja, dakika 21 kati yao, na kila kimoja kimeelekezwa mbali. Nimekaa na swali hilo tangu usiku ule: ilikuwaje Lodwar na Kakuma zikawa karibu na Nairobi, Geneva na Minnesota kuliko zilivyo karibu zenyewe kwa zenyewe?

Jibu langu ni kwamba huku kwetu kilomita hazijawahi kuwa kipimo. Kipimo ni karatasi.

Anza na 1902. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kufunga wilaya za pembezoni. Wilaya ikitangazwa kufungwa, mgeni haingii bila kibali. Upande wa magharibi wa Turkana ulikuwa bado chini ya Uganda na ulihamishiwa Kenya mwaka 1926. Kabla ya hapo, mwaka 1918, wanajeshi wa KAR walikuwa wameshapitia huku katika ile operesheni iliyoitwa Labur Patrol, na mifugo iliyochukuliwa ilikuwa adhabu kubwa kuliko risasi. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine, ya wilaya maalum, iliyowapa maafisa nguvu za kukamata watu na kuchukua mifugo ya jamii nzima ikihesabiwa kuwa adui. Kule chini nchini, wanaume Waafrika walikuwa wameanza kutembea na kipande kwenye kibati shingoni. Sisi tulifungiwa nchi yenyewe.

Wilaya iliyofungwa ni jela isiyohitaji ukuta, na Waingereza hawakukosa kuliona hilo. Mwaka 1953, baada ya kesi ya Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Lokitaung, kaskazini yetu. Huko Kenyatta, aliyekuwa mzee kuwaliko wenzake, alikuwa mpishi wa kundi. Aprili 1959 kifungo kikaisha. Hakurudi nyumbani. Akaletwa Lodwar, akapewa nyumba, na amri ya kutotoka. Mke wake, Mama Ngina, akaruhusiwa kuja kukaa naye. Uhuru Kenyatta alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1961. Rudisha miezi tisa nyuma uone wazazi wake walikuwa wanaishi wapi. Hiyo ni hesabu ambayo kila mtoto wa Lodwar anaijua kabla ya Pythagoras, na 2013 ilifanywa sana kwenye vibanda vya chai.

Fikiria lakini jinsi mtu huyo alivyokuwa. Mei 1960 chama cha KANU kilimchagua rais wake akiwa yuko hapa kwenye joto letu, na serikali ikakataa kukiandikisha chama na jina lake. Gichuru akashika kiti. Nchi nzima ilikuwa ikimzungumzia yeye, na yeye hawezi kwenda Kitale. Machi 1961 ikabidi nchi imfuate: viongozi wa KANU na KADU, akiwemo Moi, walikuja Lodwar kumwona. Mwezi uliofuata alikuwa Maralal mbele ya waandishi wa habari wa dunia, na Agosti akawa huru. Lodwar hadi Nairobi kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 500, saa moja na dakika arobaini hivi kwa Caravan. Yeye ilimchukua miaka miwili na miezi.

Nimewahi kumuuliza Ata anakumbuka nini ya miaka ile. Alikuwa msichana mdogo. Hakumbuki Kenyatta hata kidogo, samahani kwa wapenda historia. Anakumbuka njaa. 1960 na 1961 ukame uliua mifugo na watu wakakusanyika kwenye kambi za chakula. Ni wakati huo wamisionari wa Kiayalandi walipofunguliwa mlango wa Turkana, na baada yao zahanati na ndege ndogo za kubeba daktari na wagonjwa. Kwa Ata ndege ni kitu kinachokuja nchi ikiwa mbaya. Mpaka leo ikipita chini sana anauliza, "Kumetokea nini?"

*

Barabara nayo ina hadithi yake, nitaipitia haraka. Norway ilitujengea lami kutoka upande wa Kitale hadi Lodwar, na kiwanda cha samaki huko Kalokol ambacho kilimalizika mwanzoni mwa miaka ya themanini, kisha ghuba ya samaki ikakauka na kiwanda kikabaki jumba. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere. Wanorway wakafunga virago. Lami ikazeeka bila mtu wa kuiuguza, ikafika mahali madereva walikuwa wanaendesha pembeni kwenye mchanga kwa sababu mchanga ulikuwa laini kuliko barabara. Kuelekea Kakuma na Lokichoggio ukaongezea majambazi, magari yakawa yanakwenda kwa msafara na askari. Ndiyo maana mashirika yaliyokuwa na pesa yalipenda kuruka.

Na waliruka kweli. Aprili 1989, baada ya njaa iliyoua watu wengi sana kusini mwa Sudan, Umoja wa Mataifa ulianzisha Operation Lifeline Sudan. Lokichoggio, kijiji cha mpakani kilomita 80 hivi kutoka Kakuma ukipita angani, kikageuka kuwa moja ya viwanja vya ndege vyenye shughuli nyingi zaidi nchini. Hercules zilikuwa zinapanda asubuhi zimejaa magunia na kuyamwaga angani juu ya vijiji ambavyo havina mahali pa kutua. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa na hospitali pale Lopiding tangu 1987, ya majeruhi wa vita waliokuwa wakiletwa kwa ndege. Vijana wa Turkana walipata kazi ya kupakia, kufua, kulinda, kupika. Kulikuwa na mahema yenye baa. Kisha tarehe 9 Januari 2005 mkataba wa amani ukasainiwa Nairobi, mashirika yakahamia Juba, hospitali ikakabidhiwa mwaka uliofuata, na Loki ikanyamaza. Mjomba wangu alikuwa mpakiaji huko. Alirudi Lodwar na koti la mwangaza lenye mistari ya kung'aa, akalivaa akichunga mbuzi mpaka likaisha. Mbuzi walikuwa wanaonekana vizuri sana usiku, sitasema uongo.

Kakuma ilianza katikati ya hayo. Samahani, kambi ndiyo iliyoanza. Mji wa Kakuma ulikuwepo, kando ya laga ya Tarach, na una watu wake. Nasema hivi kwa sababu kuna maandishi mengi ya wageni yanayodai eti Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipokuwa mahali". Kiswahili cha wapi? Sisi sote tunajua neno hilo ukilikata vibaya mbele ya mama mkwe utafukuzwa bila chai. Lakini limenakiliwa kwenye ripoti na vitabu, kwa sababu mtu alitaka mahali pale pawe pasipokuwa mahali.

Mwaka 1992 walifika maelfu ya watoto wa Sudan, wengi wao wavulana, ambao walikuwa wametoka kwao kwa miguu hadi Ethiopia, na serikali ya Mengistu ilipoanguka Mei 1991 wakafukuzwa tena kwa miguu, wakarudi Sudan, wakavuka kuingia Lokichoggio, ndipo wakaletwa Kakuma. Mamia ya kilomita. Njiani kulikuwa na mto Gilo, mabomu, fisi na kiu. Baba yake deskimeti wangu ni mmoja wao. Hapendi kusimulia, ila ukikaa naye utagundua hawezi kupita chupa ya maji iliyojaa nusu bila kuifunga vizuri.

Kuanzia mwisho wa 2000, Marekani ikachukua zaidi ya 3,500 kati ya vijana hao. Majina yalikuwa yanabandikwa ubaoni. Unasoma jina lako, unafundishwa kwa siku chache jokofu ni nini na theluji ni nini, kisha unaondoka Kakuma kwa ndege hadi Nairobi, halafu Ulaya, halafu jimbo ambalo hujawahi kulisikia. Mtu aliyetembea miaka anavuka nusu ya dunia kwa siku mbili. Halafu ikaja Septemba 11, 2001, na safari zikasimama. Waliokuwa juu ya orodha walibaki wakitazama ubao. Baba yake deskimeti alikuwa mmoja wa hao. Orodha ilipofunguliwa tena alikuwa na mke na mtoto mdogo wa kike na faili lake likaanza upya, kwa sababu faili la mtu mmoja si faili la watu watatu.

Wengine walipita. Awer Mabil alizaliwa Kakuma 1995, akaondoka na familia yake akiwa mtoto, na Juni 2022 akafunga penalti iliyoisaidia Australia kuitoa Peru na kwenda Kombe la Dunia. Rose Nathike Lokonyen aliyekulia kambini alibeba bendera ya timu ya wakimbizi kule Rio 2016. Tulikuwa shuleni wakati huo. Tuliangalia kwenye runinga ya bwalo, na nakumbuka deskimeti wangu akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila uchungu: "Huyo amefika Rio. Mimi sijafika Lodwar."

*

Tulikutana kidato cha kwanza, shule moja ya Kakuma inayochanganya watoto wa kambi na watoto wa Turkana. Mimi nilikuwa bweni, yeye wa kutwa. Alikuwa mkali wa hesabu kunishinda. Ile Pythagoras yangu ni yeye aliyeninyoosha nayo, akichora pembetatu kwenye vumbi la dawati kwa kidole. Tukiwa kidato cha tatu kwaya yetu ilipita kwenda mashindano Lodwar. Yeye alikuwa sauti ya kwanza. Mwanafunzi wa kambi hatoki Kakuma bila pasi ya kusafiri, na pasi inaombwa ofisini, na ofisi ina siku zake. Za wenzake wanne zilitoka. Yake haikutoka. Hakuna aliyesema imekataliwa, iliambiwa "bado". Basi la shule liliondoka saa kumi na moja alfajiri na nilikaa dirishani, kiti cha pembeni kitupu, na sweta yake ya kwaya nimeikunja juu yake kwa sababu alisema angalau sweta iende.

Tulishika namba tano. Nilimletea picha moja ya mto Turkwel na nyingine ya ile sanamu ya Yesu juu ya kilima. Akaangalia, akasema, "Kumbe ni mji tu."

Ndiyo, ni mji tu. Kilomita 120 kwa barabara, na siku hizi lami mpya imefika, ukipanda Probox asubuhi unapita Lokitaung Junction chai haijashuka tumboni, na saa mbili hivi umefika. Sheria mpya ya wakimbizi ilipitishwa 2021, kuna mipango ya kugeuza kambi kuwa miji ya kawaida, Kakuma imepewa hadhi ya manispaa. Siyadharau hayo. Lakini pasi bado ipo. Na nikimwangalia yeye namwona Kenyatta wa 1960, bila chama na bila wajumbe wa kumtembelea: mtu aliyewekwa Turkana kwa sababu Turkana ni mbali, anayeweza kutolewa tu na mkono wa mbali. Tofauti moja kubwa ni kwamba Kenyatta alijua amefungwa. Deskimeti wangu anaambiwa amehifadhiwa.

Na sisi Waturkana tusijifanye watazamaji. Tulifungiwa na wakoloni, tukabaki na nchi ambayo kila mgeni akija anaitazama kama stoo ya watu. Watu wetu wengi hawajawahi kupanda ndege pia, na wanaona wageni wakiondoka na mifuko myeupe, wanauliza kwa nini orodha hiyo haina majina yao. Binamu yangu alishawahi kuniambia afadhali angezaliwa upande wa pili wa laga. Sikuwa na jibu, maana wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimerudi nyumbani na barua ya chuo iliyosema nimalize deni ndipo nirudi darasani. Deni liko, mimi niko.

*

Wiki mbili na nusu baada ya ile meseji ya usiku ikaja nyingine: "Wamesimamisha." Ile nchi iliyomkubali ilikuwa imefunga safari zote za wakimbizi. Hapakuwa na katuni.

Nikapanda Probox. Askari wa kizuizi alichungulia tu ndani, akapiga kofi paa la gari, tukaenda. Kambini nilimkuta ameketi nje na mama yake wakichagua maharagwe, machache. Mgao ulikuwa umeshapunguzwa. Baba alinisalimia kwa mikono miwili kama kawaida yake, akaniuliza hali ya Ata, akaingia ndani. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake orodha kusimama, na sikuona uso wa mtu aliyeshangaa.

Begi lilikuwa bado limefungwa. Walilipima kwenye mizani ya duka la Msomali, kilo 22 na nusu, likapunguzwa likawa 20. Tulilifungua pamoja. Kulikuwa na vyeti vya shule kwenye bahasha ya plastiki, picha, shuka mbili, kitabu chake cha hesabu cha kidato cha nne, na koti zito la kijani lenye manyoya kwenye kofia, la mtumba, ambalo mama yake alilinunua kwa kuuza mgao wa mafuta miezi mitatu. Nililivaa. Nilitoka jasho kabla sijafunga zipu, tukacheka mpaka majirani wakaja kuangalia.

Ndege ikapita chini, ikishuka kuelekea kiwanjani. Aliangalia saa ya simu. "Hiyo imetoka Wilson saa mbili kasorobo," akasema. Anajua zote. Ana daftari, miaka mingi amekuwa akiandika zinafika saa ngapi na kuondoka saa ngapi. Nikamwonyesha ukurasa wa upepo, kwamba za kwenda Nairobi zinapigwa usoni na zinachelewa kuliko za kuja. Akatafuta kwenye daftari, akahesabu kwa kidole, akasema ni kweli, lakini si kila mwezi. Tukabishana kuhusu Agosti.

Nilipoondoka akanipa lile koti. Nikakataa, mama yake akaniambia, "Mwanangu, chukua. Hapa linakula nafasi tu. Mpe nyanya yako, wazee wanasikia baridi ya alfajiri." Nikasema nitalitunza, si kwamba nimelichukua. "Litunze," deskimeti akasema.

Kwenye kizuizi cha kutoka Kakuma askari alitushusha wote. Vipande mkononi, mstari mmoja. Changu alikiangalia mbele na nyuma. Kisha akaona koti kwenye mkono wangu, akaligusa manyoya.

"Hii ni ya kwenda nayo wapi, na joto hili?"

"Lodwar," nikasema. "Nyumbani."